Vipimo vya CY Aquarii havikai sawa: kilele bapa, mruko katikati ya usiku na saa zisizolingana

Darubini20

Wakuu, naomba mnisaidie kusoma namba hizi kabla sijazitupa. Lengo ni CY Aquarii, nyota badilifu iliyo kwenye kundinyota la Dalu, ambayo hupanda na kushuka kati ya takriban mag 10.4 na 11.2 (mag ni kipimo cha mng'ao; namba ikiwa ndogo, nyota ni angavu zaidi) kila baada ya dakika 88 hivi. Vifaa ni darubini ya kioo cha sentimita 20 yenye urefu wa fokasi milimita 1,000, kamera ya CMOS isiyo ya rangi ya biti 14 (pikseli za mikromita 3.76, geini, yaani ukuzaji wa ishara, ya chini kabisa) na chujio la V, linalopitisha nuru ya kijani na manjano. Kila picha ni ya sekunde 60. Picha zote zimeondolewa giza (picha iliyopigwa bila nuru kuingia) na kugawanywa kwa picha za bapa (za mwanga ulio sawa kila mahali). Napima nuru iliyo ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha pikseli 6, natoa mwanga wa anga kwa kutumia pete ya nje, kisha nalinganisha na nyota moja jirani ya mag 9.7.

Yasiyokaa sawa ni haya:

1. Hewa ikiwa imetulia, kilele cha mchoro kinakuwa bapa, kama kimekatwa kwa kisu. Hewa ikichafuka, kilele kinarudi kuwa cha mviringo. Nilitarajia kinyume chake. Pikseli kali kuliko zote inasoma 63,100, yaani haijafika 65,535.

2. Darubini ikishavuka meridiani (mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini) na kugeuzwa upande wa pili, mchoro wote unaruka kwa 0.03 mag.

3. Usiku mmoja chujio lilitolewa ili nuru iwe nyingi zaidi. Mchoro ukateremka polepole, jumla 0.05 mag, kadiri nyota ilivyoshuka magharibi.

4. Vilele vya tarehe 3 Septemba vilitangulia jedwali la utabiri wa vilele kwa karibu dakika 9. Vya tarehe 29 Novemba vimetangulia kwa dakika 1 na sekunde chache tu. Saa ya kompyuta inasawazishwa kwa intaneti kila nusu saa.

5. Nje kidogo ya mada: gretingi (kioo chenye mistari kinachotawanya nuru kuwa spektra, yaani ukanda wa rangi) ya mistari 100 kwa milimita, iliyowekwa milimita 40 mbele ya kihisi, ikaelekezwa nyota ya Vega. Kuna mabonde, yaani mahali nuru imepungua, kwenye pikseli ya 517 na ya 698 kuhesabu kutoka kwenye picha ya nyota yenyewe, na jingine lenye ukingo mkali kwenye pikseli ya 809. Hilo la mwisho ni la elementi gani ndani ya Vega?

---

PikseliMoja

Mkuu, usitupe kitu. Nachukua namba 1.

Pikseli zako zimejaa. 65,535 si dari ya kamera yako. Kamera ya biti 14 huhesabu hadi 16,383, na programu huzidisha kwa 4 ili kujaza nafasi ya biti 16, kwa hiyo dari ni 65,532. Halafu 63,100 uliyoiona ni namba ya baada ya kuondoa giza na kugawanya kwa bapa. Pikseli iliyogota dari ikishatolewa mamia ya hesabu na kugawanywa kwa 1.03, inatoka na sura ya namba ya kawaida kabisa. Ndiyo maana kujaa kunakaguliwa kwenye picha ghafi, kabla haijaguswa na programu yoyote.

Tupige hesabu. Nyota ya mag 0 ndani ya chujio la V huleta karibu fotoni milioni 1 kwa sekunde kwa kila sentimita ya mraba juu ya angahewa. Kioo cha sentimita 20, ukitoa kivuli cha kioo kidogo, kina sentimita za mraba 280 hivi. Ukikadiria kwamba asilimia 40 ya fotoni zinageuka elektroni baada ya hewa, vioo, chujio na kihisi kuchukua chao, unapata takriban elektroni milioni 100 kwa sekunde. Kwa mag 10.4 zidisha kwa 10 kipeo cha −4.16: elektroni 6,900 kwa sekunde, au 410,000 kwa sekunde 60.

Hizo zinamwagika kwenye pikseli ngapi? Nyota ikiwa na upana wa pikseli 3 kwenye nusu ya kilele chake, pikseli ya katikati hupokea karibu asilimia 10, yaani elektroni 40,000. Hewa ikitulia na upana ukashuka hadi pikseli 2.5, pikseli hiyohiyo inapokea asilimia 14, yaani 58,000. Pikseli za aina hii kwa geini ya chini hubeba karibu 50,000. Hiyo ndiyo sababu usiku mzuri unakuharibia kazi: hewa tulivu inakusanya nuru ileile kwenye pikseli chache, zinafurika, na kinachofurika hakihesabiwi. Hewa mbaya inaitawanya na kukuokoa.

Nyota yako ya kulinganishia ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Mag 9.7 ni mara 1.9 ya mag 10.4, kwa hiyo imejaa usiku wote, hata hewa ikiwa mbaya. Kipimio chenyewe kimepinda.

Shuka hadi sekunde 20. Kwa mag 11.2 bado unapata elektroni 66,000. Kelele ya fotoni (mtikisiko wa bahati nasibu) ni kipeuo cha pili cha idadi yake, na hapo unajumlisha anga na usomaji wa kihisi: duara la nusu kipenyo cha pikseli 6 lina pikseli 113. Anga ya elektroni 30 kwa pikseli inaongeza 3,390, na kelele ya usomaji ya elektroni 3.5 inaongeza 113 × 12.25, yaani 1,384. Jumla 70,774, kipeuo chake 266. Gawanya 66,000 kwa 266 upate 248. Hitilafu kwa mag ni 1.0857 ÷ 248 = 0.0044. Kwa nyota inayobadilika kwa 0.8 mag hiyo inatosha na kubaki.

Usishuke sana pia. Kumeta kwa nyota hakujali idadi ya fotoni. Kwa makadirio ya kawaida, kwenye usawa wa bahari, darubini ya sentimita 20 kwa sekunde 20 utosini inapata mtikisiko wa 0.002 mag, na kwa sekunde 1 unakuwa karibu 0.009. Nyota ikishuka hadi nyuzi 30 juu ya upeo, zidisha kwa 3.4. Pale chini kumeta ndiko kunakotawala, si fotoni.

Na kabla ya kuiamini 50,000 yangu, pima kamera yako mwenyewe. Weka paneli ya mwanga thabiti, piga sekunde 1, 2, 4, 8, 16 hadi ijae, toa giza la muda uleule, kisha gawanya hesabu kwa sekunde. Jibu likianza kupungua kwa zaidi ya asilimia 1, hapo ndipo mwisho wako wa kazi. Mara nyingi linaanza kupungua kabla ya dari.

---

BapaKamili

Namba 2 ni picha za bapa, na mruko huo ni zawadi kwa sababu unakuonyesha ukubwa wa kosa.

Darubini ikigeuzwa, picha inazunguka nyuzi 180 juu ya kihisi. Nyota iliyokuwa kushoto inaangukia kulia. Kama bapa zingekuwa sahihi, kusingekuwa na tofauti. Ukiona 0.03 mag, ujue uwiano wa unyeti kati ya sehemu hizo mbili umekosewa kwa karibu asilimia 3.

Pa kutafutia, kwa mpangilio wa uwezekano:

Bapa hazikuondolewa giza lake. Watu wengi huondoa giza la sekunde 60 kwenye picha ya nyota na kusahau kwamba bapa ya sekunde 3 nayo ina msingi wake wa hesabu mia kadhaa. Ukigawanya kwa bapa iliyobeba msingi huo, kingo za picha hazisahihishwi vya kutosha. Piga giza la sekunde 3 kwa ajili ya bapa za sekunde 3.

Kamera ilizungushwa au fokasi ikasogezwa kati ya picha za nyota na bapa. Vumbi lililo juu ya chujio huacha kivuli cha duara, na duara hilo linahama. Bapa zipigwe bila kugusa kitu, na kila chujio liwe na zake.

Paneli inapepesa. Paneli nyingi za LED hupunguza mwanga kwa kuuwasha na kuuzima haraka, na kihisi kinachosoma mstari kwa mstari kinapata michirizi. Funika paneli kwa karatasi nyeupe mpaka uhitaji sekunde 2 au 3 kufika nusu ya dari.

Nuru ya pembeni inaingia. Darubini ya Newton isiyo na kizuizi cha mwanga mdomoni huingiza mwanga wa chumba au wa machweo moja kwa moja hadi kwenye kihisi bila kupitia kioo kikuu.

Kiwango kiwe kati ya asilimia 40 na 60 ya dari. Picha 25 zenye elektroni 25,000 kila moja zinakupa 625,000 kwa pikseli, sawa na kelele ya asilimia 0.13. Kupiga picha 100 hakukuongezei la maana.

Tofauti yangu na PikseliMoja ni moja. Amelipokea duara la pikseli 6 bila swali. Kwa nyota yenye upana wa pikseli 3 hiyo ni mara 2, na ni sawa kwa nyota iliyo pekee. Kwa nyota hafifu zaidi ningebana hadi mara 1: bado unakusanya asilimia 94 ya nuru, lakini pikseli za anga ni robo tu.

---

PikseliMoja

Asilimia 94 ni kwa nyota yenye umbo la kengele kamili. Nyota halisi ina mikia mirefu, na kwenye kioo cha Newton kisicho na kisahihishi nyota za pembeni zina mkia wa upande mmoja. Duara dogo linakata mikia hiyo kwa viwango tofauti katikati na pembeni. Kwa mag 13 au 14 nakubaliana nawe, kwa sababu anga ndiyo inayotawala. Kwa mag 10 hakuna unachookoa.

---

BapaKamili

Kwa mag 10, sawa. Basi ajaribu mwenyewe: apime picha zilezile kwa nusu kipenyo cha pikseli 3, 4, 5, 6, 8 na 10, na achague pale ambapo nyota ya kulinganishia na nyota ya kuhakikishia (nyingine isiyobadilika, ya kukagulia) zinatofautiana kwa mtawanyiko mdogo kuliko zote. Dakika kumi za kazi.

---

Utosini

Namba 3. Hapo chanzo ni rangi.

Angahewa hunyonya nuru kulingana na unene wake. Nyota ikiwa nyuzi z kutoka utosini, unene ni takriban 1 ÷ cos z: utosini 1, kwenye nyuzi 60 ni 2. Kwa V unapoteza mathalani 0.2 mag kwa kila unene 1, kwa bluu zaidi, kwa nyekundu kidogo. Ukilinganisha nyota mbili zilizo jirani, upotevu huo unafutika kwa sababu zote mbili zimepita hewa moja. Hata zikiachana nusu nyuzi, kwenye nyuzi 60 kutoka utosini kinachobaki ni kama 0.006 mag.

Lakini unafutika tu ikiwa nyota zote mbili zinapoteza sehemu ileile. Bila chujio, kihisi kinapokea kuanzia nanomita 400 au pungufu hadi karibu 1,000. CY Aquarii ni nyeupe yenye ubluu. Kama jirani yako ni jekundu, nuru ya CY inayonyonywa na hewa ni nyingi kuliko ya jirani, na pengo linakua kadiri zinavyoshuka. Ndiyo mteremko wako. Haukuwa ndani ya nyota, na kuongeza muda wa picha kusingeuondoa.

Dawa ya kwanza ni kurudisha chujio. V ya mfumo wa Johnson na Morgan wa mwaka 1953 ina kitovu karibu nanomita 550 na upana wa 90 hivi. Ndani ya kipande hicho chembamba tofauti ya rangi inabaki ndogo sana. Dawa ya pili ni kuchagua nyota ya kulinganishia yenye rangi inayokaribia ya lengo. Rangi hupimwa kwa kutoa V kwenye B (mag kwa chujio la bluu): Vega ni karibu 0, Jua 0.65, Betelgeuse karibu 1.85. Kwa CY tafuta jirani aliye chini ya 0.6 kama yupo. AAVSO, jumuiya ya watazamaji wa nyota badilifu iliyoanzishwa Marekani mwaka 1911, hutoa ramani zenye nyota zilizokwisha kupimwa B na V, na hapo ndipo pa kuchagulia.

Hata ukiwa na chujio, V yako si V kamili. Kioo chako, kihisi chako na chujio lako vina mwelekeo wao wa rangi. Upime mara moja: piga kundi la nyota M67, ambalo lina nyota nyingi zenye V na B−V zinazojulikana. Chora tofauti kati ya V ya kitabuni na kipimo chako dhidi ya B−V. Mstari ukilala, huna deni. Ukiinama, mwinamo wake ndio kizidishi cha kusahihishia. Mwinamo wa 0.02 au 0.05 ni wa kawaida. Ukiwa mkubwa zaidi ya hapo, kagua kama chujio ni la fotometria (upimaji wa nuru) kweli au ni la kijani la kupigia picha za kupendeza.

Na usitumie nyota moja pekee. Chukua nyota 3 hadi 5 za kulinganishia na moja ya kuhakikishia, ambayo haiingii kwenye wastani. Mchoro wa nyota ya kuhakikishia ukiwa mstari ulionyooka, unaweza kuliamini lengo. Ukipinda, hata lengo liwe zuri namna gani, rudi nyuma.

---

Sekunde499

Namba 4 inaniburudisha, kwa sababu namba zako ni sahihi kabisa. Jedwali na saa yako vinasoma nyakati mbili tofauti.

Jedwali la vilele hutolewa kwa wakati unaohesabiwa kama vile mtazamaji yuko kwenye Jua. Nuru husafiri umbali wa Dunia hadi Jua kwa sekunde 499. CY Aquarii iko chini ya nyuzi 10 kutoka kwenye njia ya Jua angani, kwa hiyo inapokea karibu athari yote: sekunde 492 mbele, na miezi sita baadaye sekunde 492 nyuma.

Tarehe 3 Septemba nyota hiyo iko upande ulio kinyume kabisa na Jua. Dunia imesogea kwenye upande wa nyota, mapigo yanakufikia sekunde 492 kabla hayajafika kwenye Jua. Tarehe 29 Novemba Dunia iko karibu ubavuni, na marekebisho yanabaki sekunde 38 hivi.

Sasa ongeza jambo la pili. Saa inayoandikwa kwenye faili la picha kwa kawaida ni ya kuanza kwa picha, wakati nuru imekusanywa kwa sekunde 60 zote. Wakati wa kutumia ni wa katikati: ongeza 30. Septemba: 492 + 30 = 522, yaani dakika 8.7. Novemba: 38 + 30 = 68, yaani dakika 1 na sekunde 8. Ndicho hasa ulichoandika.

Kwa hiyo, chukua UTC (saa ya kimataifa) ya katikati ya picha, igeuze kuwa siku ya Julian (hesabu ya siku mfululizo), kisha omba programu yako isahihishe hadi kwenye Jua. Ikikupa chaguo la kitovu cha mfumo mzima wa Jua, ni bora zaidi, ila andika wazi umetumia kipi. Viwili hivyo hutofautiana kwa sekunde chache, na muda wa kitovu cha mfumo ukihesabiwa kwa saa isiyo na sekunde za nyongeza, tofauti inapita dakika moja. Mtu akichanganya safu mbili za data bila kujua hilo, anagundua mabadiliko ya kipindi ambayo hayapo. Tumia pia jedwali la karibuni, maana kipindi cha nyota hii husogea kidogo kadiri miongo inavyopita.

---

Darubini20

Shukrani wakuu. Nimefungua picha ghafi: nyota ya kulinganishia ina pikseli za 65,532 kwenye karibu kila picha. CY inagota usiku mmoja tu, ule uliotulia. Bapa kweli hazikuondolewa giza lake. Je, data ya nyuma inaokoka?

---

PikseliMoja

Sehemu kubwa inaokoka. Kwenye picha hizohizo tafuta nyota za mag 10.8 hadi 12 zenye rangi inayofaa, ziwe ndizo za kulinganishia, na ile ya 9.7 uifute kabisa, usiiache hata kama ya kuhakikishia. Bapa zirudie na giza lake, mradi kamera haijafunguliwa tangu siku ile. Usiku uliotulia, tupa picha za kileleni tu, zile ambazo CY imegota, na ubakize miteremko. Usijaribu kukisia kilichofurika.

---

MistariMyeusi

Namba 5. Bonde la pikseli 809 haliko ndani ya Vega. Ni oksijeni ya hewa iliyo juu ya kichwa chako.

Hesabu yake ni fupi. Mistari 100 kwa milimita ni nafasi ya mikromita 10 kati ya mstari na mstari. Gawanya kwa milimita 40, zidisha kwa pikseli ya mikromita 3.76, upate nanomita 0.94 kwa pikseli. Usiridhike na hiyo, kwa sababu milimita 40 yako inaweza kuwa 39.5. Tumia nyota yenyewe. Bonde la 517 ni mstari wa hidrojeni wa nanomita 486.1, kwa hiyo 486.1 ÷ 517 = 0.9402. Hakikisha na jingine: 698 × 0.9402 = 656.3, mstari mwekundu wa hidrojeni. Sasa 809 × 0.9402 = 760.6. Hapo pana ukanda wa oksijeni ya angahewa, ambao mwanafizikia Mjerumani Fraunhofer aliupa herufi A alipochora mistari myeusi ya Jua kuanzia mwaka 1814. Ukingo mkali upande wa bluu na mkia upande wa nyekundu ndiyo sura yake. Ukiangalia karibu na pikseli ya 731, nanomita 687, utaona mdogo wake, B.

Namna ya kuthibitisha bila kitabu: piga Vega ikiwa juu, kisha ikiwa chini. Mistari ya hidrojeni haitabadilika, ukanda wa 760 utazama zaidi. Halafu piga nyota nyingine yoyote. Utaukuta palepale.

Makosa ya kawaida kwenye kifaa hiki: kuweka fokasi kwa picha ya nyota badala ya spektra. Nuru iliyopinda ina fokasi yake, kwa hiyo tafuta fokasi kwa kuangalia ukali wa bonde la 486.1, na picha ya nyota iache ivimbe kidogo. Kosa la pili ni kuisawazisha spektra kwa pikseli za nyota iliyojaa. Vega ikijaa, kitovu chake kinayumba pikseli moja au mbili, na hiyo ni nanomita 1 hadi 2. Ikitokea hivyo, sawazisha kwa mistari ya hidrojeni peke yake: 410.2, 434.0, 486.1 na 656.3. La tatu ni kuiacha spektra ilale kimshazari. Zungusha kamera mpaka ifuate safu za pikseli, kwa sababu kuinyoosha kwa programu kunapaka mistari.

Umbo la jumla la mchoro wako, kile kilima chenye kilele mahali fulani kati ya 500 na 600, si la Vega pia. Ni unyeti wa kihisi. Gawanya spektra uliyopima kwa spektra ya kitabuni ya nyota ya aina ya A0, kama Vega, ukishafuta mistari kwenye zote mbili, ulainishe unachopata, na huo ndio mwitiko wa kifaa chako. Kila nyota utakayopiga baadaye usiku huo, katika kimo kinachokaribia, igawanye kwa mwitiko huo.

Baada ya hapo ndipo tafsiri inaanza, na hapa watu wengi wanateleza. Mstari ukiwa mzito haimaanishi elementi ni nyingi. Mistari mizito kuliko yote kwenye nuru ya Jua inayoonekana ni ya kalsiamu, 393.4 na 396.8, na mtu angeapa kwamba Jua limejaa kalsiamu. Ukweli ni kwamba kwa kila atomi ya kalsiamu kuna atomi zaidi ya 400,000 za hidrojeni. Hidrojeni hunyonya mistari hii inayoonekana pale tu elektroni yake inapokuwa tayari imepanda ngazi ya pili, na kwa kelvini 5,772 za uso wa Jua ni chache mno zilizopanda. Karibu na kelvini 10,000, kama Vega, zinatosha, na mistari inakuwa mipana na myeusi. Ikizidi joto hapo, hidrojeni inapoteza elektroni zake na mistari inafifia tena. Mwanafizikia wa India Meghnad Saha aliandika hesabu ya jambo hilo mwaka 1920, na mwanaastronomia Cecilia Payne akaitumia mwaka 1925 kuonyesha kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni hidrojeni na heliamu. Wakubwa wa fani hawakumkubalia wakati ule. Kila nikiona bonde la 486.1 namkumbuka, kwa sababu alisoma mistari ileile waliyokuwa nayo wote.

---

Darubini20

Sasa kama mistari inatoa joto, na B−V inatoa joto, kwa nini zote mbili?

---

MistariMyeusi

Kwa sababu ya vumbi. Vumbi lililo kati ya nyota hunyonya bluu kuliko nyekundu, kwa hiyo nyota moto iliyo nyuma ya vumbi inaonekana ya manjano. Mistari yake haidanganyiki: uwiano wa hidrojeni na kalsiamu unabaki uleule. Soma aina ya nyota kwenye mistari, jua B−V iliyostahili kuwa nayo, toa kwenye B−V uliyopima. Ziada hiyo zidisha kwa 3.1, na kwa vumbi la kawaida la galaksi yetu unapata mag ngapi za V zimepotea njiani. Bila kurudisha hizo, umbali wowote utakaokokotoa utatoka mrefu kuliko ukweli. Ziada ya 0.1 tu ni 0.31 mag, na hiyo inaurefusha umbali kwa asilimia 15.

Kitu kimoja kifaa chako hakitakupa ni mwendo wa nyota za kawaida. Pikseli moja ya nanomita 0.94 kwenye 656.3 ni kilomita 430 kwa sekunde, na nyota nyingi za jirani huenda makumi tu. Kwa hilo unahitaji spektrografu yenye mpasuo na taa ya neoni au argoni ya kusawazishia, na usisahau kutoa mwendo wa Dunia yenyewe, kilomita 30 kwa sekunde.

Lakini galaksi za mbali zinakimbia vya kutosha. Ukimaliza na CY, ielekeze gretingi hiyo kwenye 3C 273, kwazari (kiini angavu mno cha galaksi ya mbali) ya karibu mag 12.9 katika kundinyota la Mashuke, ile ambayo Maarten Schmidt aliitambua mwaka 1963. Mistari yake ya hidrojeni imesogea kwa asilimia 15.8, na yenyewe inang'aa badala ya kuwa mabonde. Ule wa 486.1 utaukuta karibu na 563, yaani pikseli ya 599 hivi kwako. Ule wa 656.3 unaangukia 760, juu kabisa ya ukanda uleule wa oksijeni uliokuchanganya, kwa hiyo utauona umekatwa katikati. Gawanya kwanza kwa nyota ya A0 iliyo kimo kilekile, usiku uleule, safari hii ukiuacha ukanda wa oksijeni ndani ya mwitiko bila kuulainisha. Piga picha nyingi za sekunde 60 na uzijumlishe, jumla isipungue saa moja. Kabla ya kuanza, zungusha gretingi mpaka pasiwe na nyota nyingine inayoangukia juu ya spektra, maana bila mpasuo kila jirani anamwaga nuru yake humohumo.